Miwani ya Kutazamia Milima

Dada yangu Geesje aliijulia milima chooni. Kwetu kalenda ya siku za kuzaliwa haitundikwi sebuleni. Hutundikwa chooni, mbele ya macho ya aliyekaa, ili asije akasingizia kwamba alisahau siku ya shangazi yake. Kalenda hiyo haina Jumatatu wala Jumapili, ina tarehe na majina tu, kwa hiyo hutumika mpaka karatasi igeuke manjano. Ya Geesje aliipata mwaka alioolewa, zawadi ya muuza chakula cha ng'ombe, na kila mwezi ulikuwa na picha ya mlima wa Austria. Mwezi wa pili theluji tupu. Mwezi wa saba maua, na ng'ombe mwenye kengele shingoni. Zaidi ya miaka arobaini aliitazama milima hiyo, kisha akavuta maji na kwenda kukamua.

Watu wa kijiji chetu hapa Zandeveen wakinikuta dukani huniuliza kwa sauti ya chini, ile ya mtu anayetaka kujua kila kitu huku akijifanya ana haya: "Lakini, Roelie, angalau aliiona milima yake?" Nawajibu hapana, nalipia mkate wangu, natoka. Jibu refu naliandika hapa mara moja, na sitaki kuulizwa tena.

Shemeji yangu Lammert Huizing si mtu mbaya. Naanza na hilo kwa sababu mbele huko nitasema mengine. Ana kilema kimoja: hawezi kusema uongo, hata ule mdogo wa kumtia mtu moyo. Siku ya harusi yao Geesje alimwuliza kama gauni limempendeza. Akamjibu kwamba limembana mikononi. Kwenye kahawa ya baada ya mazishi ya jirani yetu, kipande cha keki mkononi, alimwambia mjane kwamba marehemu alikuwa hodari wa maneno kuliko wa kazi. Wengi humsifu kwa hilo. Husema kwa Lammert mtu unajua umesimama wapi. Ni kweli unajua, ila si kila siku mtu anataka kujua.

Ng'ombe wa maziwa hana Jumapili wala sikukuu. Hukamuliwa asubuhi, hukamuliwa jioni, na asipokamuliwa hulia mpaka majirani wasikie. Mimi na marehemu mume wangu Wiebe tulikuwa na karavani, nyumba ndogo ya magurudumu unayoifunga nyuma ya gari, na kila kiangazi tulikwenda nayo tulikotaka. Tukirudi, Geesje alikuja kutusaidia kuiosha. Alipiga brashi polepole, akiuliza: kule asubuhi ukifungua pazia unaona nini? Je, mlima unaonekana wote au mawingu huuficha? Waliosema subira huvuta heri hawakumjua dada yangu. Yeye alivuta subira mpaka kamba ikamkata mikono.

Hawakujaliwa watoto, na hakuna mgeni aliyetaka zizi lao. Basi mwaka ambao magoti ya Lammert yalikataa kupiga hata hatua ya kuingia shimo la kukamulia, lile anamosimama mkamuaji chini ya ng'ombe, lori likaja likachukua ng'ombe wote. Geesje alisimama mlangoni akiwaita majina yao mpaka wa mwisho. Kisha akaingia ndani, akanawa mikono, akamwambia mumewe, mimi nikiwa nimekaa palepale na kahawa yangu:

"Sasa nataka karavani."

"Ya nini?" Lammert akauliza.

"Ya kukokota. Twende Austria."

"Kuna treni."

"Treni haina dirisha la kuamkia. Nataka kulala, nikifumbua macho mlima uwe pale, siyo ukutani chooni. Umenisikia, Lammert?"

Lammert alikoroga kikombe ambacho hakikuwa na sukari. Halafu akasema, "Haya."

Nilimrukia dada yangu nikambusu. Tulikuwa wanawake wazima wenye mvi, tukacheka jikoni kama wasichana.

Tukaenda watatu kwa mfanyabiashara mmoja wa karavani kuukuu, mtu mrefu aitwaye Hidde Kamphuis. Uwanja wake umejaa nyumba nyeupe zilizopangwa kama meno. Geesje aliingia katika moja, akatoka. Akaingia katika nyingine, akatoka. Katika ya tatu hakutoka. Nilimfuata nikamkuta amelala kitandani na viatu vyake, kichwa kikielekea dirisha pana la nyuma.

"Roelie, lala hapa uone," akaniambia, akasogea.

Nikalala. Dirishani tuliona ukuta wa karakana na pipa la takataka.

"Dirisha hili linatazama wapi, bwana Kamphuis?" akapaza sauti.

"Popote atakapoegesha mumeo, mama!"

Akacheka mpaka kitanda kikatikisika. Ikawa ni hiyo.

Lammert na Hidde wakapatana bei kwa kupigana viganja, kama wanavyofanya wanunuzi wa ng'ombe sokoni: huyu anataja bei na kupiga kofi kiganja cha mwenzake, yule anataja yake na kupiga, mpaka pigo la mwisho ambalo hakuna anayelirudisha. Uso wa Lammert uling'aa. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu lori lile kuondoka. Kwetu viganja vikishapigana mnunuzi hatakiwi kuuliza tena swali. Anayeuliza anaonekana mtoto. Na hapo ndipo Hidde alipotaka kumweleza namna ya kuipakia.

"Subiri kidogo, Huizing. Njoo nikuonyeshe pa kuweka mizigo."

"Nionyeshwe nini?"

"Vizito vyote viwe katikati, hapa juu ya magurudumu. Nyuma pawe pepesi. Na mkifika kwenye miteremko, punguza mwendo kabla hujaanza kushuka, siyo ukishafika katikati. Ikianza kutikisa mkia, usipigane na usukani."

Lammert alimtazama kama anayetazama ndama mwenye miguu mitano. "Kijana, mimi nilikokota tela la mbolea wewe ukiwa bado unanyonya. Nimekokota viazi, nimekokota majani, nimekokota trekta bovu kwa trekta zima. Leo unifundishe kukokota kitanda?"

"Trekta haifiki mwendo wa gari, bwana."

"Tumeshapigana viganja," Lammert akasema, akageuka. Kwake mazungumzo yalikuwa yamekwisha.

Niliongea naye mimi pia. Nimekokota miaka mingi na Wiebe, najua mkia ukilemewa unakuwaje. Kabla ya safari nilikwenda nikamkuta uani amewasha mashine ya kuchomelea. Alikuwa anatengeneza keria ya kubebea baiskeli zao mbili za umeme, zile nzito kama mbuzi wa kuchinja, na alikuwa anaifunga nyuma kabisa, chini ya dirisha la Geesje. Vyuma alivikata kwenye uzio wa zizi. Niliyatambua mabomba yale; bado yaling'aa mahali shingo za ng'ombe zilipoyasugua.

"Lammert, baiskeli hazikai nyuma. Weka mbele, au zifunge juu ya gari."

"Mbele kuna mitungi ya gesi."

"Basi ziacheni. Mtakodi hukohuko."

"Kukodi baiskeli?" Aliinua kile kinyago cha kuchomelea ili nimwone uso. "Mtu mwenye baiskeli mbili akakodi baiskeli?"

"Na hivi ni nini?" Nilikuwa nimeona magunia mlangoni.

"Viazi."

"Viazi vya wapi? Mnakwenda Austria, si mwezini! Huko watu wanakula!"

"Viazi vya huko vina maji," akasema. "Vya kwetu havina. Nitavitia chini ya kitanda cha nyuma, kuna sanduku kubwa, halina kitu."

"Lammert, mkia utalemewa!"

"Wewe na Wiebe mlikuwa mnakokota kwa woga," akanijibu bila hasira, kama mtu anayekutajia saa. "Nilikuwa nawaona mkipita hapa. Mwendo wa bata."

Nikamgeukia Geesje, aliyekuwa anaanika mashuka. "Mwambie mumeo."

"Mwache," akasema kwa sauti ndogo, "amekubali kwenda. Nikimgusa leo, kesho atasema treni." Kisha akaniita ndani anionyeshe kitu. Ilikuwa miwani mpya, ya kuonea mbali tu, katika kasha gumu la bluu. Daktari wa macho alimwuliza anaitakia nini, kwa kuwa nyumbani kitu cha mbali kuliko vyote ni mnara wa kanisa. Akamjibu: milima. Aliivaa akanitazama, akasema sasa anaziona mvi zangu zote, akaivua haraka. "Nisiichakaze," akasema. Akaitia kwenye mkoba, na mkoba akaupigapiga kama mtu anayembembeleza mtoto. Sikio la kufa halisikii dawa, husemwa, lakini sikio lililokufa siku ile halikuwa la dada yangu. Yeye alikuwa amechagua kutosema ili asiikose safari.

Waliondoka siku ya Jumamosi yenye jua. Majirani tulitoka na vikombe vyetu kuwapungia mkono, maana ndiyo desturi: mtu akienda likizo watu husimama barabarani mpaka asionekane. Na kwetu ardhi ni tambarare, mtu haondoki upesi. Barabara inafuata mfereji, imenyooka, unapunga mpaka bega linauma na bado unawaona. Niliona mkia wa karavani umeshuka na pua imeinuka. Niliona inayumba kidogo, kushoto, kulia, kila Lammert alipoongeza mwendo. Geesje alikuwa ametoa mkono dirishani, leso nyeupe ikipepea. Jirani mmoja akasema, "Tazama wanavyofurahi." Niliendelea kupunga.

Yaliyofuata niliyapata kwa polisi wa Kijerumani na kwa Lammert mwenyewe, ambaye, kama nilivyosema, hajui kupamba.

Kutoka kwetu mpaka ndani kabisa ya Ujerumani barabara imelala. Alikwenda vizuri, akapata raha, akaanza kupiga mluzi. Kisha, upande wa mji wa Kassel, nchi huanza kuinuka na kushuka. Mtu wa Zandeveen hajui kushuka. Kwetu mteremko ni daraja la mfereji, ukipumua umekwisha. Lammert alikuwa hajawahi hata mara moja kusukumwa na mzigo wake mwenyewe. Alipanda kilima cha kwanza, akafika juu, akaona gari limekuwa jepesi, akafurahi akaliachia liende. Lori likawapita. Upepo wa lori ukaupiga ubavu wa karavani, na mkia ukaanza.

Alipigana na usukani. Kwenye trekta hufanyi vingine: tela likienda kushoto unalivuta kulia. Kila alivyovuta, baiskeli na viazi vikaongeza nguvu upande wa pili. Karavani ikalala ubavu, ikalizungusha gari, ikalibamiza kwenye kizuizi cha chuma upande aliokaa dada yangu. Kitanda cha kuamkia kilipasuka vipande vipande, na viazi vikaserereka barabarani mpaka bondeni, hata magari yakasimama kuviepuka. Polisi mmoja alimkuta Lammert amekaa kwenye majani, mkono umevunjika. Akamwuliza kama alikuwa anapeleka viazi sokoni. Lammert akamjibu ukweli. Akamwambia hapana, vilikuwa vya kula.

Geesje alifia palepale. Wanasema hakuteseka. Lammert anasema hajui, kwa hiyo nami sijui.

Tulimzika kwetu, penye udongo mweusi usio na jiwe. Baada ya mazishi tulikunywa kahawa ukumbini, tukala keki, na watu walimsubiri Lammert aseme neno lake baya la kweli. Hakusema. Alishika kikombe kwa mkono mzima mpaka kahawa ikapoa.

Nilimchukia. Sitaficha. Kila nilipopita mbele ya nyumba yao na kuona uzio wa zizi uliokatwa, niliona bomba lile na shingo za ng'ombe, nikawaza hata ng'ombe wake aliwatendea vyema kuliko mke wake. Nilijua si haki. Ukweli ni kwamba aliwatendea sawasawa.

Lakini kuna jambo jingine lililonikosesha raha. Polisi walirudisha vitu katika boksi: kiatu kimoja, mkoba wa Geesje, gunia la viazi ambavyo msamaria mwema fulani alikuwa ameviokota. Mkoba nilipewa mimi. Ndani nilikuta kasha la bluu, na ndani ya kasha miwani, mizima, haina hata mkwaruzo. Kila kitu kimevunjika, hiyo tu imepona. Niliishika nikajiuliza. Mwanamke aliyengoja maisha yake yote kutazama milima, nchi imeanza kuinuka mbele yake, anakaaje na miwani mkobani? Yule niliyemjua mimi angeivaa tangu kwenye daraja la mfereji.

Wiki kadhaa baadaye nikaenda kumwuliza. Nilimkuta jikoni, beseni limewekwa mezani, anamenya viazi. Alikuwa anakikandamiza kiazi kwa vidole vilivyochomoza kwenye plasta ya mkono uliovunjika na kukimenya kwa mkono mwingine. Maganda yalikuwa manene. Nilivitambua viazi, vilikuwa na michubuko ya lami.

"Unavila hivyo?" nikamwuliza.

"Ni vizuri," akasema. "Ukikata palipopondeka."

Nikaweka kasha la bluu mezani. "Lammert, kwa nini hakuivaa?"

Akaacha kumenya. "Aliivaa."

"Ilikuwa ndani ya kasha."

"Aliivaa," akarudia. "Tulipokuwa tunapanda. Alikiona kile kilima mbele, kina miti mpaka juu. Akatafuta miwani kwa haraka mpaka akaangusha peremende zangu. Akaivaa. Akanishika goti." Akaliangalia goti lake. "Akasema, 'Lammert, ule ni mlima?'"

Nilijua jibu kabla hajalitoa. Nilitaka kumziba mdomo.

"Nikamwambia hapana. Kilima tu hicho, Gees. Milima bado."

"Naye?"

"Akasema, 'Aa, basi.' Akaivua, akaifuta, akairudisha kwenye kasha. Akasema ataivaa tukifika." Akaokota tena kisu. "Halafu tukaanza kushuka."

Saa ya ukutani ilikuwa inagonga. Zizini hakukuwa na sauti yoyote, na nyumba ile bila ng'ombe ni kama imezibwa masikio.

"Ungesema ndiyo," nikamwambia. Nilipiga meza, maji yakaruka kutoka kwenye beseni. "Neno moja, Lammert! Angetazama. Angekufa ameuona. Kitu gani kingekupungua?"

"Haukuwa mlima, Roelie."

"Hata sasa? Hata sasa unashindwa kusema?"

Alifungua mdomo. Nilimwona akijaribu; shingo ilimvimba, midomo ikatafuta ile herufi ya kwanza ya ndiyo. Sijawahi kuona mtu akijaribu kitu kwa nguvu kiasi kile, hata mwanamke anayejifungua. Machozi yakaanza kumdondoka kwenye beseni.

"Niliutafuta kwenye ramani nilipotoka hospitali," akasema. "Nilidhani labda nilikosea. Umeandikwa kilima."

Nikakaa. Nilikuwa nimekuja pia kumwambia kwamba sitakanyaga tena nyumbani kwake, na maneno nilikuwa nimeyapanga njiani. Nikachukua kisu cha pili kwenye droo ya dada yangu, nikavuta beseni katikati yetu, nikaanza kukata sehemu zilizopondeka.